Sisi Binti, Ninyi…

Siku Mzee Uthmani alipotangaza kwamba anaanza kujifunza Kiingereza, nyundo zote za avenyu yetu zilinyamaza. Wallahi sitii chumvi. Asiyefika Buyenzi hajui uzito wa maneno hayo. Huu ndio mtaa wa mafundi wa Bujumbura, na tangu asubuhi mpaka adhana ya magharibi ni mabati yanagongwa, kwangu kwako, hata vitoto vichanga hulala kwa mlio huo na hustuka pale unapokatika. Basi siku hiyo ulikatika. Fundi mmoja akauliza, "Kiingereza gani, mzee? Kile cha kwenye maboksi ya spea?" Kicheko kikalipuka avenyu nzima.

"Chekeni," akasema Mzee Uthmani, nyundo mkononi. "Chekeni leo. Siku ya posa ya mjukuu wangu Soumaya mutakuja kukaa mbele, na mutafunga midomo."

Nikujulishe mtu huyu. Kazi yake ni kunyoosha bodi za magari yaliyobondwa. Toliye, kama tunavyowaita hapa. Ana miaka sitini na kitu, mfupi, kifua kipana, kofia haimtoki kichwani hata akiwa chini ya gari. Hasira zake ziko karibu, na kicheko chake kiko karibu zaidi. Lakini jina lake mtaani halikutokana na nyundo, lilitokana na mdomo. Binti akiposwa katika nyumba yoyote ya avenyu yetu, kabla hata mchele haujachaguliwa, mtu anatumwa kwake: mzee, tusemee. Naye akishasimama, mkono mmoja nyuma, watu huacha kutafuna.

Nyumba yao ina desturi yake, waliyoachiwa na babu yake, na majirani wa zamani wakaishika nao. Siku ya posa, sinia kubwa huwekwa katikati kabla wageni hawajaketi, limefunikwa kawa. Haliguswi. Msemaji wa upande wa binti husimama akaziweka pande mbili ana kwa ana, wenyeji huku, wageni kule: "Sisi tuna mlango, ninyi mna njia. Sisi maji, ninyi kiu. Sisi binti, ninyi…" Hapo anakata. Anakata kabisa, anangoja. Wageni ndio wa kumalizia: "Sisi mwana." Wakishasema, kawa linafunuliwa, watu wanakula, posa imepita. Wasiposema, kawa linabaki pale pale, na hakuna aibu kubwa kama chakula kupoa mbele ya wageni. Wala hairuhusiwi kuwanong'oneza. Jibu la kufundishwa, alikuwa akisema marehemu babu, ni la kasuku. Na kweli halikuhitaji kufundishwa. Hata mgeni asiyeijua desturi alilipata, maana maneno yenyewe yalimsukuma mpaka mlangoni.

Sasa shida ilianza na kijana anayeitwa Tajudini. Alitoka Kampala kwa biashara ya spea, akaleta gari lake linyooshwe mlango. Mzee akaunyoosha. Wiki iliyofuata akarudi na gari zima kabisa, halina hata mkwaruzo, eti mzee aliangalie tu. Mzee Uthmani akaliangalia gari, akamwangalia kijana, akageuka kumwangalia mjukuu wake Soumaya aliyekuwa ameshika birika la chai na kutabasamu ukutani. "Haya," akasema, "hii panne nimeiona, na haiko kwenye gari."

Kijana mwenyewe alikuwa na adabu, anaswali, hana neno. Neno lilikuwa kwa watu wake. Kwao ni Kiganda na Kiingereza. Kiswahili wanakisikia redioni. Ukoo ukakutana. Khaled, mtoto wa dada yake Mzee Uthmani, anayefanya kazi ofisini kwenye depo moja kule Zone Industrielle, akaanza kwa upole.

"Mjomba, siku hiyo mi nitasimama. Kila siku nazungumza na watu wa Kampala kwa simu. We utakaa mbele, utapewa heshima yako yote."

"Heshima ya kukaa?"

"Ao basi useme Kiswahili, mi nitatafsiri."

"Apana!" Kikombe kiliruka kwenye kisahani. "Mi nikikata neno, we utakata wapi? Utasema, 'Hapa mzee amenyamaza'? Utatafsiri kimya, Khaled?"

Watu wakacheka, lakini yeye hakuwa anachekesha. Soumaya alikuwa mtoto wa mwanawe aliyefariki, na yeye na mkewe Bi Fadhila ndio waliomlea tangu hajaota meno. Bi Fadhila naye alipokuwa kitandani hospitalini, pumzi zinahesabika, alimshika mkono mumewe akamwambia: "Huyu mutoto utamutoa we, kwa mudomo wako. Usiazime wa mutu." Uthmani aliitikia. Na hilo ndilo lililokuwa likimchoma. Mengine yote yalikuwa kelele.

Basi hasira zikampanda akajifunga mwenyewe. Akasema mbele ya ukoo mzima, wanawake wakiwa wamejaa hadi uani, kwamba atasimama na atasema kwa Kiingereza. Akikwama, Khaled ainuke papo hapo achukue nafasi, na yeye Uthmani hatasema tena katika nyumba yoyote mpaka anazikwa. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Alipofika nyumbani tu akakaa chini, kichwa mikononi.

"Babu," Soumaya akamwambia, "usiogope. Nitamwita Joëlla."

Joëlla alikuwa rafiki yake tangu shule ya msingi, binti wa Kinanira kule juu mlimani, anasoma Kiingereza chuo kikuu. Akawa anashuka kila alasiri na viatu vyake vyeupe, anakaa juu ya tairi kuukuu katikati ya karakana, na Mzee Uthmani anamsomea huku akigonga. Msichana hakuwa na mchezo. Mzee akikosea anamrudisha mwanzo, na yeye aliyezoea kugombeza karakana nzima anarudi mwanzo bila neno. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na huyu aliinama mpaka mgongo ukamuuma.

Taabu yake moja ilikuwa kwamba hakutaka kuacha kitu. Aliona kila neno ni la kutamkwa, ladha yote itoke. Joëlla akimwambia alinganishe nyundo mbili, anatoa sentensi ndefu, jasho linamtiririka: nyundo yangu ni nzito kuliko nyundo ya Khaled ilivyo nyundo nzito. Na yale maneno ya babu yake kwa Kiingereza akayavalisha yote nguo kamili: sisi tuna mlango, ninyi mna njia, sisi tuna maji, ninyi mna kiu, sisi tuna, ninyi mna, sisi tuna, ninyi mna.

"Babu, umeishasema 'tuna' mwanzoni," Joëlla akamwambia. "Kule mbele uiache. Waingereza wanaiacha, na mutu anaisikia tu."

"Ataisikiaje kama sijaisema?"

"Ataisikia."

"Huo ni uvivu wa wazungu! Wanakata sentensi mkia halafu wanaita ufundi. Mi ni msemaji, mutoto wangu. Msemaji hali nusu ya neno."

Joëlla hakubishana. Alimtazama mzee akirudi kwenye gari lililoletwa asubuhi ile, mlango wa kushoto umebonyea vibaya. Mzee akagonga mara mbili, akazunguka, akapapasa mlango wa kulia kwa kiganja, akarudi kushoto, akagonga. Akaenda tena kulia.

"Babu, huo wa kulia uko mzima. Unautafuta nini?"

"Ndio unaoniambia," mzee akasema bila kugeuka. "Gari lina pande mbili. Hapa pamepotea mstari, lakini kule uko. Nikipapasa kule najua hapa palikuwaje. Siwezi kukosa."

"Kwa hiyo upande mmoja ukiwa mzima, wa pili hata kama umepungukiwa…"

Nyundo ikabaki juu. Mzee Uthmani akageuka polepole, akamtazama yule msichana juu ya tairi, akautazama mlango wa kulia. Halafu akaanza kuyasema maneno ya babu yake kwa Kiswahili, kwa sauti ndogo, vile alivyoyasema maisha yake yote. Sisi tuna mlango, ninyi mna njia. Sisi maji, ninyi kiu. Akasimama.

"Yoo! Yoo, mama wee!" Nyundo ikaanguka chini. "Sijawahi kuisema! 'Sisi maji', basi! Hiyo 'tuna' naiacha mwenyewe, tangu kijana naiacha! Na hakuna mutu aliyewahi kuniuliza iko wapi!" Akatoka nje mbio, kofia upande, akimshika kila fundi bega. "Umewahi kuisikia? Sema! Sisi maji, ninyi kiu, umeisikia 'tuna' hapo?" Mafundi wakadhani mzee wa watu jua limempiga. Joëlla alicheka mpaka akashuka kwenye tairi.

Tangu siku hiyo Kiingereza kilimkaa. Alikisema akioga, alikisema akingoja chai, aliwasemea hata mbuzi wa jirani. Khaled alikuja kumsikiliza siku moja, akasimama mlangoni hadi mwisho, akasema tu, "Bon, mjomba," akaondoka. Mzee aliruka kwa furaha, jioni hiyo hakuna aliyemweza.

Soumaya ndiye aliyekuwa hana usingizi. Aliwaza: je, wageni wasipojua kumalizia? Watajuaje, watu wa mbali? Akavunja desturi kwa siri. Alimpigia Tajudini akamweleza, na Tajudini akamfundisha mjomba wake, ambaye ndiye atakayewasemea: mzee akisema "you" kwa mara ya tatu, halafu akanyamaza, we jibu. Mzee Uthmani hakuambiwa, angejua angeahirisha posa.

Siku ikafika, Jumapili, baada ya adhuhuri. Jamani, watu! Mkeka ulianzia sebuleni ukaishia barabarani. Nyundo kimya, safari hii kwa heshima. Mafundi waliocheka walikuwa mstari wa mbele na kanzu zao zilizopigwa pasi. Pilau ilinukia tangu asubuhi, na sinia liliwekwa katikati, samaki wa ziwani, mikeke mizima ya kuchoma, juu ya wali, kawa juu yake.

Wageni waliingia wamechoka kwa safari, wamependeza. Mjomba wa Tajudini mbele, mtu mnene mwenye miwani. Nyuma, ameshikwa mkono na Tajudini mwenyewe, bibi yake mzaa baba, Bi Kudra, kikongwe mwembamba, amejifunga mtandio mweupe. Tajudini alikuwa amekwisha kutueleza: bibi ni mtu wa kimya. Alizaliwa "huko upande wa ziwa", hajawahi kusema ni wapi, akachukuliwa mdogo baada ya wazazi wake kufa, akakulia Kampala, akaolewa Kampala. Anasema Kiganda, na Kiingereza cha kuombea maji.

Wakamletea kiti kizuri. Akakikataa kwa mkono. Alikwisha kuvua viatu kizingitini kabla hajaonyeshwa, akaenda kukaa mkekani kati ya wanawake, miguu upande mmoja, akalikazia macho lile kawa. Mzee Uthmani alimwona, akawaza, bibi wa watu ana njaa, nisiseme sana.

Akasimama. Mkono mmoja nyuma. Watu wakaacha hata kukohoa. Khaled alikaa ubavuni kwake, tayari.

"We have a door," akaanza, na sauti ilikuwa ile ile yake, imevaa tu nguo nyingine, "you have a road."

Yule mjomba mwenye miwani akainua kichwa. Akatabasamu! Wageni wote wakatabasamu, wakatazamana, na wanawake wetu, ambao hawakuelewa hata neno moja, wakapiga vigelegele kwa vile tu mzee hajakwama. Joëlla kule nyuma alijiziba mdomo kwa mikono miwili.

"We, water," akasema Mzee Uthmani, na ile "tuna" akaiacha, akaiacha mbali kabisa, raha ikampanda hadi masikioni. "You, thirst."

"Eeeh!" wakasema wageni. Walikuwa wameisikia. Haikusemwa na waliisikia! Mzee alitamani kumtazama Joëlla amkonyeze. Akageuka. Macho yake hayakufika kwa Joëlla. Yalikwama mlango wa chumbani, ambapo Soumaya alikuwa amesimama na wenzake kuchungulia, na kichwani amejifunika kanga ya marehemu Bi Fadhila, ya njano, iliyofifia, aliyoitoa sandukuni bila kumwambia mtu.

Kiingereza kikaondoka. Chote. Alikitafuta hakukiona, hata neno la binti lenyewe, ambalo alikuwa amelisema mara ngapi kwa mbuzi. Akabaki na kanga tu. Mdomo, ambao haukuwahi kumwacha, ukafanya ulichokizoea.

"Sisi binti," akasema, na sauti ikapasuka, "ninyi…"

Akakata.

Yule mjomba alikuwa akingoja "you" yake ya tatu. Haikuja. Akamtazama Tajudini. Tajudini akamtazama Soumaya, Soumaya akafumba macho. Mvuke ulikuwa ukipenya pembeni mwa kawa, ukapungua, na kila mtu aliuona ukipungua. Mzee Uthmani alijua alichokifanya. Aliona kando ya jicho Khaled akishika magoti yake, akiinuka taratibu, akisafisha koo. Nisamehe, Fadhila, akasema moyoni. Nisamehe, mama. Mdomo nimeufikisha mpaka hapa, ukanishinda.

"Sisi mwana."

Ilikuwa sauti nyembamba, ya chini, ya mkekani. Watu wakageuka huku na huku. Khaled akabaki nusu amekaa nusu amesimama.

"Sisi mwana!" Bi Kudra akasema tena, sasa kwa nguvu, na mkono wake ukapiga mkeka. "Funueni, jamani, mutoto wa watu asisimame na njaa!"

Mzee Uthmani akageuka akamtazama kikongwe. Hayo ya mwisho hayakuwa jibu la msemaji. Hayo walikuwa wakiyapigia kelele wanawake wa avenyu hii kutoka uani, zamani, zamani sana, na mara ya mwisho aliyasikia kwa bibi yake mzaa mama akiwa yeye bado mtoto wa suruali moja. Hata hapa Buyenzi hakuna anayeyasema tena. Hakumfundisha Joëlla, wala Khaled, wala Soumaya mwenyewe, alikuwa ameyasahau.

"Jjajja?" Tajudini akaita, amepigwa na butwaa. Ni bibi, kwa Kiganda. Akamwuliza kitu, na mjomba mwenye miwani akamwuliza kitu, wote kwa pamoja. Kikongwe alikuwa akimtazama Mzee Uthmani.

"Nilikuwa mudogo," akasema, Kiswahili kikimtoka kwa shida, kipande kipande, lakini ni chetu, cha hapa hapa. "Hivi." Akaonyesha kimo cha mtoto juu ya mkeka. "Tulikuwa tunakaa huko uani, tunangoja wamalize, tukimbilie wali. Niliondoka, wakaniambia sahau. Nikasahau yote, baba. Yote. Nilijua hii moja tu, na ni ya kujibu. Utajibu namna gani kama hakuna anayeanza?" Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Uzee wote huu nangoja mutu aanze."

Hapo tena usiniulize nani alilia, maana mafundi wale wa mstari wa mbele, wenye mikono ya chuma, walikuwa wakitafuta leso. Vigelegele vikatoka uani, vikapita barabarani, vikashika avenyu nzima. Soumaya alikuja mbio na kanga ya bibi yake, akapiga magoti, akafunua kawa kwa mikono miwili, na tonge la kwanza akampa Bi Kudra mdomoni. Tajudini alikuwa amekaa chini kwenye viatu vya watu, ameshika kichwa, anacheka na kulia. Khaled ndiye aliyemsogelea mjomba wake, akamrekebisha kofia iliyokaa upande, akamwambia sikioni, "Mjomba, malizia. Ni zamu yako ya kushukuru."

Msemaji lazima ashukuru. Mzee Uthmani akanyoosha mgongo. Akaweka mkono nyuma. Avenyu nzima ikanyamaza kumsikiliza, Waganda na Warundi, na yeye akafungua mdomo ule ambao haujawahi kukosa neno tangu ujana wake.

"Sisi," akasema, "tumefurahi…"

Basi. Akajaribu tena, hakuna kilichotoka, machozi yakamshuka mpaka kwenye kola ya kanzu. Wala hakuna aliyeinuka kumsaidia, hata Khaled.

Bi Kudra akameza wali wake kwanza. Halafu akamwinulia mkono kutoka mkekani.

"Na sisi," akasema.